Kidokezi Si Rangi: Istilahi za Kuchunguza Molekuli Ndani ya Seli Hai

1. UTANGULIZI

Katika matini za biolojia na tiba zinazofasiriwa kwa Kiswahili, kuna kundi moja la vitu ambalo bado halijapata jina lililotulia. Ni zile molekuli ambazo wanasayansi huziweka ndani ya seli iliyo hai, wakaziangazia kwa nuru ya aina maalumu, nazo zikatoa nuru ya aina nyingine inayoonekana kwa hadubini. Kwa nuru hiyo mtafiti huweza kujua kwamba kitu fulani kiko mahali fulani katika seli, kimezidi au kimepungua, kimekaribiana na kingine au kimeachana nacho. Mfasiri mmoja huviita vitu hivyo "rangi", wa pili huviita "vipimo", wa tatu "vichunguzi", na wa nne huliacha neno la kigeni kama lilivyo.

Tofauti hiyo si jambo la mapambo ya lugha tu. Tuchukue mfano wa afisa aliyeletewa ombi la kibali cha utafiti. Ikiwa ombi linasema kwamba "rangi itatiwa katika seli", atadhani kuwa ni kitu mfano wa wino, ambacho leo hutiwa na kesho kikaoshwa kikatoka. Lakini yamkini kinachokusudiwa ni kuingiza jeni mpya, ambayo seli itairithisha kwa vizazi vyake. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na afisa huyo hana budi kuyapima kwa mizani tofauti. Vivyo hivyo, mwalimu akiwaonyesha wanafunzi picha yenye madoa ya kijani na kuwaambia kwamba hiyo ndiyo kalsiamu, huwa amewafundisha jambo lisilo kweli. Ioni za kalsiamu zilizomo ndani ya seli hazina ukijani wowote, wala hazionekani. Kilichoonekana ni nuru ya kitu kingine kinachotoa habari za kalsiamu.

Makala haya yanakusudia kueleza vitu hivyo ni nini na hufanyaje kazi, kisha kupendekeza istilahi zake. Katika kazi hii tumefuata utaratibu uliozoeleka, yaani kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kubisha hodi kwingine.

2. NAMNA TATU ZA KUTOA NURU

Kabla ya kukipa kitu jina ni lazima kukitenga na jirani zake. Kitu kinaweza kutufikishia nuru machoni kwa namna nyingi. Hapa tunahitaji kutofautisha tatu.

Namna ya kwanza ni kuakisi. Mwezi hauna nuru yake. Nuru tuionayo ni ya jua iliyoupiga ikarudi. Neno akisi limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya fizikia, nasi hatuna haja ya kuligusa.

Namna ya pili ni ya mdudu kimulimuli, ambaye usiku hutoa mwanga kutoka tumboni mwake bila ya kumulikwa na taa yoyote. Mwanga huo hutokana na kemikali zinazoungana ndani ya mwili wake. Kwa jambo hili tunapendekeza istilahi mwangahai, yaani mwanga utolewao na kiumbe kwa nguvu ya kemikali zake.

Namna ya tatu ndiyo tunayoishughulikia hasa, nayo ilitambuliwa kwa njia ya dawa inayojulikana sana katika nchi za malaria, yaani kwinini. Mwaka 1845 mwanasayansi Mwingereza John Herschel alieleza kwamba maji yaliyoyeyushwa kwinini, ingawa ni maangavu, huonyesha ubuluu juu yake yakitazamwa katika mwanga wa jua. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alithibitisha sababu yake. Kwinini hunywa miali ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni, kisha hutoa nuru ya buluu, ambayo jicho huiona. Stokes akaonyesha pia kwamba nuru inayotoka huwa na wimbi refu zaidi, na kwa hiyo nishati ndogo zaidi, kuliko ile iliyoingia.

Sababu ya upungufu huo ni kwamba nuru inayoingia huipandisha elektroni ya molekuli kwenye ngazi ya juu ya nishati. Elektroni hiyo hupoteza sehemu ya nishati yake kwa njia ya joto, kisha hushuka na kutoa nuru kwa nishati iliyobaki. Mambo hayo yote kwa kawaida humalizika katika muda wa sehemu chache za bilioni za sekunde moja. Ni mfano wa mpunga uliotiwa kinuni: kinachotoka ni mchele, na uzito uliopungua ni kumvi.

Kwa namna hii ya tatu tunapendekeza mmemeto, na kitenzi chake memeta. Huenda msomaji akauliza: je, wako watu wanaomwita kimulimuli kimetameta, nasi tumekwisha kumweka mdudu huyo katika namna ya pili? Ni kweli. Lakini neno la kawaida likifanywa istilahi hupunguziwa uwanja wake. Nguvu katika fizikia si nguvu zote zinazotajwa barazani, na kazi ya fizikia si ajira. Tunachotaka ni kwamba katika matini za sayansi neno memeta lisitumike ila kwa kitu kinachonywa nuru moja na kutoa nyingine.

Nuru inayoingia tunaiita nuru amshi, na ile inayotoka nuru jibizi. Kulikuwa na uwezekano wa kusema nuru chochezi, lakini neno uchochezi limekwisha kushikwa na mahakama, na si vema mwanafunzi afikiri kwamba seli inashawishiwa kuasi.

3. KUTOKA RANGI HADI KIDOKEZI

Neno rangi halikutumika ovyo. Lina asili yake. Mwaka 1871 mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza fluoreseini, rangi inayomemeta kijani kwa nguvu sana. Mwaka 1941, nchini Marekani, Albert Coons na wenzake walifaulu kuzifunga molekuli zimemetazo kwenye zindiko, zile protini za mwili zinazotambua vijidudu, wakaweza kuonyesha mahali bakteria walipo katika tishu. Hata leo, katika maabara za kifua kikuu, makohozi hutiwa rangi ya auramini, na bakteria wa ugonjwa huo huonekana waking'aa kimanjano kwenye uwanja mweusi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za mmemeto zenye taa za LED kwa kazi hiyo.

Katika shughuli za maabara ya makohozi, neno rangi linafaa na libaki. Bakteria wamekwisha kufa na kukaushwa juu ya kioo. Swali linaloulizwa ni moja tu: wapo au hawapo?

Seli iliyo hai huuliza mengi zaidi. Kitu cha kuichunguza kinatakiwa kiingie bila ya kuiua. Kichague molekuli moja miongoni mwa maelfu. Na mara nyingi kinatakiwa kibadili nuru yake pindi hali ya seli inapobadilika.

Mfano mzuri ni wa kalsiamu. Ioni za kalsiamu hupeleka amri ndani ya seli: kwa amri hizo msuli hukaza na ncha ya neva humwaga kemikali zake. Seli ikiwa imetulia, kiasi cha ioni hizo ndani yake ni kidogo mno, kama mara 10,000 chini ya kile cha nje. Amri inapotolewa kiasi hicho hupanda ghafula, kisha hushuka. Ili kulifuatilia jambo hilo, Roger Tsien, pamoja na Grzegorz Grynkiewicz na Martin Poenie, walitangaza mwaka 1985 molekuli iitwayo fura-2. Upande wake mmoja ni mfano wa gando la kaa, nao huikamata ioni ya kalsiamu. Upande wa pili ndio unaomemeta.

Fura-2 huangaziwa kwa nuru amshi mbili kwa zamu, moja ya urefu wa wimbi wa nanometa 340 na nyingine ya 380. Nuru jibizi yake huwa karibu na nanometa 510, ambayo ni ya kijani. Gando likishika kalsiamu, jibu kwa nuru ya 340 huongezeka na jibu kwa nuru ya 380 hupungua. Mtafiti hugawanya jibu la kwanza kwa la pili. Hapo ndipo penye hekima yake, kwa kuwa uwiano huo hautegemei sana seli imepata fura-2 nyingi au kidogo, wala seli ni nene au nyembamba.

Namna inavyoingia pia ni ya kuzingatiwa na mfasiri. Utando wa seli huvizuia vitu vyenye chaji nyingi za umeme. Kwa hiyo, kwa njia ambayo Tsien aliitangaza mwaka 1981, chaji hizo hufunikwa kwa viungo vya esta. Molekuli iliyofunikwa hupenya utando. Ikishafika ndani, vimeng'enya vya seli huukata ule mfuniko, chaji hufunuka, na molekuli haiwezi tena kutoka. Wavuvi wanaotega dema wataelewa bila maelezo zaidi.

Kitu cha namna hii kiitwe nini? Rangi haitoshi, kwa kuwa rangi haijibu mabadiliko. Kipimo hudai kwamba daima kuna tarakimu, hali wakati mwingine kinachopatikana ni mahali tu. Kichunguzi humnyang'anya mtafiti kazi yake; achunguzaye ni yeye, na molekuli humletea habari tu. Kipelelezi kina harufu ya polisi. Kuna aliyeweza kupendekeza kikonyezi, kwa sababu ambayo itadhihirika katika sehemu ifuatayo; lakini yeyote aliyesimama mbele ya darasa la sekondari anajua kwamba baada ya kulitamka neno hilo somo lingekoma.

Tunapendekeza kidokezi. Kudokeza ni kutoa sehemu ya habari, si habari yote. Ni kumpa mtu mwanzo wa kujua naye akamalizia kwa akili yake. Neno kidokezo limekwisha kuwamo katika lugha kwa maana ya ile habari yenyewe inayodokezwa. Basi molekuli iletayo habari itakuwa kidokezi, nuru yake jibizi ndiyo kidokezo, na ile molekuli inayotolewa habari itakuwa kidokezwa. Fura-2 ni kidokezi, kalsiamu ni kidokezwa, na mabadiliko ya nuru ya kijani ni kidokezo. Mwalimu mwenye maneno hayo matatu hawezi tena kusema kwamba kalsiamu ni ya kijani. Pale inapohitajika kutofautisha na vidokezi visivyotumia nuru, na iandikwe kidokezi cha nuru.

4. KONYEZA NA JENI YAKE

Mnyama mlaini wa baharini, mwenye umbo la mwavuli na mikia inayowasha, huitwa konyeza na baadhi ya watu wa pwani, na wengine humwita yavuyavu. Mmoja katika jamii yake, Aequorea victoria, huishi katika bahari ya Pasifiki ya kaskazini, na ukingo wa mwavuli wake hutoa mwanga wa kijani.

Mwaka 1961, huko Friday Harbor katika jimbo la Washington, Marekani, Osamu Shimomura na Frank Johnson walikusanya maelfu ya makonyeza hao ili kupata asili ya mwanga wao. Walipata protini mbili, wakazitangaza mwaka 1962. Ya kwanza ni ekworini, ambayo hutoa nuru ya buluu inapokutana na kalsiamu. Ya pili humemeta kijani. Ndani ya mnyama, ekworini huikabidhi ile ya pili nishati yake, na ndiyo maana mwanga unaoonekana ni wa kijani. Kwa hiyo katika mnyama mmoja tunakuta mwangahai na mmemeto bega kwa bega, na mfasiri asiyeyatenga maneno hayo mawili hataweza kuifasiri habari yake.

Mwaka 1992 Douglas Prasher na wenzake walitangaza kwamba wameitenga jeni ya ile protini ya kijani. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake waliiweka jeni hiyo katika bakteria na katika mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans, na viumbe hao wakamemeta kijani. Lililostaajabisha ni kwamba protini hiyo haikuhitaji kemikali nyingine yoyote ya konyeza. Ina amino asidi 238 zilizojikunja mfano wa pipa, na kiini cha kumemeta kwake hujiunda chenyewe katikati kutokana na amino asidi tatu, mradi oksijeni iwepo. Tsien na wenzake waliibadilisha protini hiyo ili imemete kwa nguvu zaidi na kwa rangi nyingine, na mwaka 1999 wanasayansi wa Urusi walitangaza protini nyekundu kutoka jamii ya matumbawe. Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

Jeni ya protini hii ikiunganishwa na jeni ya protini nyingine, seli hutengeneza protini mbili zilizoshikana, na kila inakokwenda ya kwanza, ya pili huifuata na kumemeta. Hapa turejee kwa yule afisa wa vibali. Fura-2 hutiwa katika seli, na seli zinapogawanyika au kufa hupungua na kwisha. Protini ya konyeza haitiwi. Kinachoingizwa ni maagizo ya kuitengeneza, na maagizo hayo yakishajiunga na jeni za kiumbe huweza kurithiwa. Tunasisitiza, kwa hiyo, kwamba mfasiri asiandike kidokezi peke yake pale ambapo tofauti hiyo ina uzito. Aandike kidokezi cha kutiwa au kidokezi cha kurithiwa.

5. KIDOKEZI KINADOKEZA NINI?

Kwa kuangalia habari zinazoletwa, vidokezi tunaweza kuvigawa mafungu matatu.

Kidokezi mahali huonyesha kidokezwa kilipo. Protini ya konyeza iliyoshikanishwa na protini nyingine ni ya fungu hili. Kidokezi hali huonyesha kiasi au hali inayobadilika, kama fura-2 inavyofanya kwa kalsiamu.

Kidokezi ukaribu huonyesha kwamba molekuli mbili zimekaribiana. Msingi wake ulielezwa na Mjerumani Theodor Förster mwaka 1948: molekuli iliyoamshwa kwa nuru yaweza kuikabidhi jirani yake nishati bila ya kutoa nuru yenyewe, ikiwa umbali baina yao ni kama nanometa 1 hadi 10 tu. Jirani ndiye anayememeta badala yake, kwa rangi yake mwenyewe. Rangi inapobadilika, mtafiti anajua kwamba umbali umebadilika. Jambo hili tunaliita ukabidhi wa nishati. Mwaka 1997 Atsushi Miyawaki, Tsien na wenzao walilitumia kutengeneza kidokezi cha kalsiamu chenye protini mbili za rangi mbili, wakakipa jina la kinyonga. Na katika Kiswahili jina hilo halihitaji kubadilishwa.

6. MIPAKA YA VIDOKEZI

Mfasiri anayejua mipaka ya kitu hukifasiri kwa uangalifu zaidi. Mipaka minne yafaa kutajwa.

Kwanza, kidokezi kikiangaziwa kwa muda mrefu huharibika na kuacha kumemeta. Kiswahili kina neno lililo tayari: kuchujuka, kama kanga ichujukavyo kwa jua na sabuni. Jambo hilo tunaliita mchujuko. Picha inayofifia haina maana kwamba kidokezwa kimepungua. Yawezekana kidokezi ndicho kilichochujuka.

Pili, nuru amshi yenye nguvu huweza kuidhuru seli yenyewe. Tunapendekeza madhara ya nuru.

Tatu, kidokezi si mgeni asiyegusa kitu. Fura-2 ikiwa nyingi huishika kalsiamu kiasi cha kupunguza ile iliyotakiwa kuchunguzwa, na pipa la amino asidi 238 huweza kuizuia protini iliyofungiwa isifanye kazi yake sawasawa. Isitoshe, seli zina molekuli zake zinazomemeta bila ya kutiwa chochote. Hiyo ni mmemeto asili, na haifai kuhesabiwa kuwa kidokezo.

Nne, mwaka 1873 Ernst Abbe alieleza kwamba hadubini ya nuru haiwezi kuvitenga vitu viwili vilivyo karibu kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi, yaani kama nanometa 200. Protini nyingi zina upana wa nanometa chache tu. Wako waliovumbua njia za kuuvuka mpaka huo, na Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014 kwa kazi hiyo; lakini katika picha za kawaida doa moja ni kubwa mno kuliko molekuli iliyolisababisha. Kwa hiyo ni salama zaidi kuandika "kuonyesha mahali pa molekuli" kuliko "kuona molekuli".

7. ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Kidokezi: molekuli inayowekwa au kutengenezwa katika seli ili itoe habari za molekuli nyingine.
Kidokezi cha kutiwa: kidokezi kinachoingizwa katika seli kutoka nje, kisichorithiwa.
Kidokezi cha kurithiwa: kidokezi kinachotengenezwa na seli yenyewe kwa maagizo ya jeni iliyoingizwa.
Kidokezi hali: kidokezi kinachoonyesha kiasi au hali inayobadilika.
Kidokezi mahali: kidokezi kinachoonyesha kidokezwa kilipo.
Kidokezi ukaribu: kidokezi kinachoonyesha kukaribiana kwa molekuli mbili.
Kidokezo: habari inayoletwa na kidokezi, hapa, nuru yake au badiliko la nuru hiyo.
Kidokezwa: molekuli inayotolewa habari na kidokezi.
Madhara ya nuru: kudhurika kwa seli kutokana na nuru amshi.
Mchujuko: kupotea kwa mmemeto kwa sababu ya kuangaziwa.
Mmemeto: kunywa nuru ya aina moja na kutoa ya aina nyingine, kwa kawaida yenye wimbi refu zaidi.
Mmemeto asili: mmemeto wa molekuli za seli zenyewe.
Mwangahai: mwanga utolewao na kiumbe kwa nguvu ya kemikali.
Nuru amshi: nuru inayokiangazia kidokezi.
Nuru jibizi: nuru inayotolewa na kidokezi.
Ukabidhi wa nishati: kupita kwa nishati kutoka molekuli moja hadi jirani yake bila ya kutoa nuru.

8. HITIMISHO

Ili kuzijaribu istilahi hizi tuchukue sentensi moja: "Seli zilitiwa rangi, na kalsiamu ikaonekana kung'aa." Kwa istilahi zilizopendekezwa sentensi hiyo itakuwa: "Seli ziliwekewa kidokezi hali cha kutiwa, na badiliko la mmemeto wake likaonyesha kwamba kalsiamu imeongezeka." Ya pili ni ndefu zaidi, lakini anayeisoma anajua ni kitu gani kilichotoa nuru, kama kitarithiwa au la, na ni lipi lililoonekana na lipi lililokisiwa kutokana nalo.

Tunawaomba walimu wazijaribu istilahi hizi darasani, na wafasiri wazipime katika matini walizo nazo, hasa zile za maombi ya vibali na maelezo kwa wagonjwa wanaoombwa ridhaa ya utafiti. Wenye neno bora kuliko kidokezi, hasa kutoka lahaja za pwani ambako maneno ya nuru na ya bahari ni mengi, watuletee pamoja na mifano ya matumizi yake, ili lizingatiwe kabla ya orodha hii kusanifiwa.